Kaye ya Kumi na Tatu

Siku mliponiaga mlinipa kipande cha kitambaa kizuri, na mwenzenu mmoja akasoma hotuba ndefu iliyoniita mama wa nidhamu. Kwa kitambaa nashukuru. Kuhusu nidhamu, afadhali niandike mwenyewe, maana wengi wenu mmenikuta tayari nina miwani na maneno makali, na hamjui vitu viwili mlivyovikuta pale karakanani vilitoka wapi. Cha kwanza ni kile kiti cha mbao karibu na dirisha, ambacho nimewakataza kuweka hata chupa ya gundi juu yake. Cha pili ni amri yangu kwamba riwaya hairudi kwa mwenyewe kabla mmoja wetu hajaisoma yote, toka jalada mpaka jalada. Mlidhani ni ukaidi wa mwanamke mzee. Ni ukaidi kweli, lakini una sababu yake.

Niliingia kazi ya kujalidi vitabu hapa Bukavu nikiwa msichana, miaka ya mwanzo ya Zaïre, wakati watu walikuwa bado wanajifunza kuitana citoyen na citoyenne, yaani raia, bila kucheka. Jina la ubatizo, ambalo serikali ilikuwa imelipiga marufuku, nililiacha mlangoni, nikaingia na Nsimire peke yake. Nilikuwa nimemaliza miaka minne kwa masista baada ya shule ya msingi, Kifaransa changu kilikuwa safi kwenye karatasi na kizito mdomoni, na nilijiona msomi. Aliyenipokea alikuwa Papa Bahizire, mkuu wa karakana, mtu mfupi wa mikono mikubwa. Hakuniuliza diploma. Alinipa mfupa wa ubavu wa ng'ombe, alioukwangua na kuulainisha mwenyewe, akanionyesha rundo la karatasi mbovu, akasema nikunje. Nilikunja wiki mbili. Mfupa huo ndio ule ule ulio kwenye droo ya kushoto. Msiutumie kufungulia makopo.

Gundi yetu ilikuwa unga wa muhogo uliopikwa mwepesi, na ndani yake unatia kidogo ile chumvi ya bluu ya shaba ili mende na panya wasifanye karamu. Siku yangu ya tatu niliisahau ile chumvi. Asubuhi tulikuta mgongo wa daftari la parokia umeliwa mpaka kwenye uzi. Papa Bahizire hakunifokea. Alinishonesha daftari lile mara nne, akilibomoa kila nilipomaliza, na mara ya nne akasema sasa nimemjua mende. Tangu siku hiyo sijasahau chumvi, na mende wa Bukavu hawana deni nami.

Karakana ile ilikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza: kitabu kimoja, kamba moja. Yaani ukishabomoa kitabu, makaye yake yote unayafunga pamoja kwa kamba kabla ya kugusa kitabu kingine. Kwa wale wapya, kaye ni ile karatasi kubwa iliyokunjwa ikawa kurasa kumi na sita. Kitabu ni makaye yaliyoshonwa pamoja, hakuna uchawi mwingine. Sheria ya pili ilikuwa kwamba mjalidi hasomi. Zamani kulikuwa na fundi aliyesoma mafaili ya mahakama yaliyoletwa kujalidiwa, jioni akaenda kuyasimulia kwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na nusura karakana ifungwe. Kwa hiyo Papa Bahizire aliniambia mapema, akiwa anapaka nta uzi wake: "Mutoto wangu, hapa tunashonaka, hatusomake. Mutu akisoma, mukono inasimama. Na mukono ikisimama, mudomo inaanza."

Niliitii sheria ya pili miaka saba bila shida yoyote. Macho yangu yaliona namba za kurasa, madoa, machozi ya mishumaa, matundu ya wadudu, maneno sikuyaona. Nilijalidi mamia ya vitabu, na kama ungeniuliza kimoja kinasema nini, ningekuambia uzito wake. Nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wanaume wote wa pale, na nilijua hivyo, na sikuficha. Nawaambia haya ili mwelewe kwamba kosa ninalotaka kulisimulia halikufanywa na mtu mvivu. Lilifanywa na mtu aliyejiamini kupita kiasi, na huyo ni hatari zaidi.

Mwalimu Mugaruka alikuja siku moja ya mvua akiwa amebeba katoni ya sabuni. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari ya mlimani, mrefu, koti lake la abakosi limechakaa viwikoni lakini limepigwa pasi. Ndani ya katoni kulikuwa na riwaya kumi na nne, zile riwaya kubwa za kale za Ulaya ambazo walimu huzitaja kwa sauti ya chini. Zote zilitoka kwenye mkusanyo mmoja: ukubwa mmoja, herufi moja, na juu ya kurasa hakukuwa na jina la kitabu, namba tu. Alituambia hizo ndizo zilizobaki katika shule nzima. Kila kitabu wanafunzi wa mwaka wa sita walikisoma kwa zamu, siku mbili kila mmoja, na zamu hizo zilikuwa zimevivunja vitabu migongo.

Wiki ile Papa Bahizire alikuwa Kamanyola kwenye kilio cha shemeji yake. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha. Nilibomoa vitabu vyote kumi na vinne kwa pamoja, nikasugua gundi ya zamani, nikapanga marundo kumi na manne kifudifudi mezani yakauke. Kamba sikufunga hata moja, maana kufunga na kufungua kunakula muda. Alasiri upepo wa ziwani ukafungua mlango, na sehemu ya juu ya marundo ikamwagika chini. Niliokota bila wasiwasi. Rundo lisilo na kaye ya kumi na mbili, nililipa kaye ya kumi na mbili. Lisilo na ya kumi na tatu, nililipa ya kumi na tatu. Namba zilifuatana vizuri kila mahali. Papa Bahizire aliporudi alikuta vitabu kumi na vinne vimesimama kwenye rafu na migongo mipya ya kitambaa chekundu, akavipapasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nililala vizuri sana usiku ule, na siku nyingine nyingi baadaye.

Miezi ikapita. Muda mfupi kabla ya likizo ya Pasaka, Mwalimu Mugaruka alirudi na kitabu kimoja tu mkononi. Nakiita kitabu cha mama mfuaji, kwa sababu ni habari ya mwanamke anayefua nguo za watu kijijini, ambaye mtoto wake wa kiume ameondoka kwenda mjini na hakutuma neno. Mwalimu alitueleza akiwa amesimama. Darasa lake la mwaka wa sita walikuwa wameandika insha juu ya kitabu hicho na kuzisoma kwa sauti mbele yake, na wote, wote kabisa, waliandika kwamba karibu na mwisho yule mama anafika kwenye kinu cha kusagia ngano na kugombana na shemeji. Katika kitabu hakuna kinu. Mwalimu alifikiri mmoja amebuni na wengine wamenakili, akawapa darasa zima ziro. Wanafunzi walisema imeandikwa kitabuni, ukurasa wa 193. Wazazi wakaenda kwa inspekta, na inspekta akapanga siku: wiki ya pili baada ya likizo atakuja darasani, na mwalimu atamsomea ukurasa huo mbele ya wanafunzi wote. Mtihani wa Serikali ulikuwa mlangoni, na ziro ile ilitosha kuwazuia wengine kuufanya. Kwake mwenyewe, lililokuwa hatarini ni kazi.

Akaniwekea kitabu mezani. "Maman Nsimire, unisomee mwisho ya ukurasa mia moja makumi tisa na mbili, na mwanzo ya ile inafuata."

Nikasoma. Mwisho wa ukurasa wa 192, yule mama amebeba kapu mgongoni, anavuka daraja, anaona moshi wa mji. Mwanzo wa 193, msagaji mmoja mnene analalamika kwamba gurudumu la kinu limekwama na shemeji yake ni mwizi. Fundi mmoja nyuma yangu alicheka. Mimi nilielewa mara moja: ile ni kaye ya kumi na tatu ya kitabu kingine, na aliyeishona pale alikuwa mimi. Watoto wale walikuwa wameandika kile kilichokuwa mbele yao, nao wakapewa ziro kwa ajili ya kamba ambayo sikuifunga.

Nilikiri pale pale, mbele ya Papa Bahizire. Sitawaficha kwamba nililia kidogo, nikijificha nyuma ya mashine ya kukatia. Kisha nikamsukumia mwalimu kitabu nikimwambia ajionee mwenyewe mshono ulivyoharibu. Alikishika mbali na uso, akakisogeza, akasema ndiyo, anaona. Lakini kidole chake kilikuwa kwenye ukurasa mwingine kabisa. Papa Bahizire akawatuma wengine nje wakaoshe brashi.

"Macho inaisha, maman," mwalimu alisema. "Kubwa niko naona. Ndogo, hapana. Hii miaka yote nafundishaka kwa kichwa."

Hapo nikaelewa kwa nini hakukigundua kinu yeye mwenyewe, na kwa nini hakumwomba mwalimu mwenzake amsomee. Mwalimu asiyeona maandishi hawezi kukaa darasani, na yeye hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Tulikuwa na wiki tano kuanzia siku ile.

Kwanza nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Nilijua tunatafuta kaye ya kumi na tatu, na vitabu ni kumi na vinne tu. Mwalimu alileta katoni yake yote. Nilimwuliza katika kurasa zile zilizokosekana kuna nini, naye akanisimulia bila kusita: mama anafika mjini, anazunguka, anasikia harufu ya mkate, anaingia kwenye tanuri la mwokaji na kumkuta mtoto wake amejaa unga hadi kwenye nyusi. Alisimulia vizuri mpaka Papa Bahizire aliacha kukata karatasi. Basi nikapita kaye ya kumi na tatu ya kila kitabu nikitafuta mkate. Hakukuwa na mkate. Katika kitabu cha msagaji nilikuta kaye ngeni yenye mabibi wanaocheza dansi kwenye jumba kubwa. Nikajua hiyo nayo imepotea njia, ila sikujua ni ya nani, maana nusu ya riwaya zile zina mabibi wanaocheza dansi. Katika vitabu vingine vyote, mwisho wa 192 na mwanzo wa 193 vilishikana vizuri. Papa Bahizire alisema kaye yetu imeshakwenda, labda ilifagiliwa na sasa inafungia karanga sokoni Kadutu.

Sikukubali. Mimi hutupa vumbi, situpi kaye. Ilikuwa lazima iwe ndani ya kimoja, imejificha mahali ambapo mshono unaonekana mzuri, na mtu pekee anayeweza kuitambua ni yule aliyekuja na kitabu hicho kuanzia ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo nilimwambia Papa Bahizire kwamba nitavunja sheria yake ya pili kama nilivyovunja ya kwanza, lakini safari hii mchana kweupe na kwa ruhusa. Alinisukumia chungu cha gundi. "Soma," alisema, "lakini mukono isisimame." Ndiyo maana nilijifunza kushona kaye huku kitabu kimeegemezwa kwenye chungu cha gundi, ujuzi ambao sijauona kwa mtu mwingine yeyote.

Vijana wangu, kusoma riwaya ya kale kwa mara ya kwanza ni kazi ya mkono kama kazi zote. Kitabu cha kwanza kilinipiga. Kurasa thelathini za kwanza walikuwa wanaeleza nyumba. Mtu mmoja alikuwa na majina matatu, na kila ndugu yake alimwita kwa lile ambalo sikulijua. Nilisinzia, nikaamka, nikakuta bado wako kwenye ngazi za nyumba ile ile. Nikabuni njia zangu. Nilikata vipande vya karatasi mbovu, nikaandika kila jina na huyu ni nani kwa nani, kama vile unavyofanya ukiolewa kwenye ukoo mkubwa. Niliamka mapema, nikasoma kurasa ishirini kabla ya kuwasha moto. Nikasoma saa sita mchana wakati wengine wanakula bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Maneno nisiyoyajua niliyaruka. Yakirudi mara tatu, ndipo nilimwuliza mwalimu. Kitabu cha pili kilikwenda haraka zaidi. Cha nne kilinichelewesha kazini. Kwenye cha sita kulikuwa na hakimu mmoja niliyemchukia mpaka nikaunguza maharagwe, na mume wangu aliuliza huyo hakimu anafanya kazi ofisi gani ili akamwone.

Pale karakanani walianza kuniita Citoyenne Riwaya. Waliniita kwa dhihaka, kisha wakaanza kuulizia. Nilisoma kipande, mkono ukifanya kazi, na jioni mmoja angetaka kujua kama yule hakimu ameadhibiwa. Papa Bahizire hakuuliza kamwe. Alikuwa tu na kazi nyingi za kufanya karibu na meza yangu.

Kaye ilikuwa katika kitabu cha tisa. Kilikuwa habari ya kijakazi wa jumba kubwa, msichana mcheshi, mjanja, ambaye alikuwa ameapa hataolewa na hakuwahi kuzaa. Sura mpya ilianzia juu ya ukurasa wa 193, ndiyo maana mshono ulionekana mzuri: mwanamke anaingia mjini na kapu, hatajwi jina. Mara ya kwanza niliipita kwa sababu kijakazi naye alikuwa safarini. Lakini sasa nilikuwa nimekaa naye kurasa mia moja tisini na mbili, nilimjua kama jirani, na kwenye mstari wa tano alianza kumtafuta mtoto wake wa kiume. Niliweka sindano chini. Kumbe mabibi wa dansi walikuwa wa kijakazi, msagaji alikuwa kwa mama, na mama alikuwa hapa. Nilisema kwa sauti, "Nimekupata," na fundi wa karibu akaangalia nyuma yake.

Kisha nikasoma kurasa zile kumi na sita hadi mwisho, na furaha yangu ikaisha. Hakukuwa na tanuri wala mkate. Mama anazunguka mjini siku mbili, anauliza kwenye kila mlango, na hakuna anayemjua kijana huyo. Kapuni alikuwa amembebea nguo zake, amezifua na kuzipiga pasi. Siku ya tatu anageuka, anavuka daraja, anarudi kijijini na nguo zile zile.

Mwalimu alipokuja nilimsomea. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, na kabla sijamaliza alinyanyua mkono. "Hiyo si ya hii kitabu. Anamukuta. Mi nilifundisha hii kitabu miaka na miaka, maman, anamukuta."

Sikubishana na mwalimu wa Kifaransa juu ya riwaya. Nilibishana naye kwa kazi yangu. Nilifungua mshono wa vitabu vyote viwili, nikachukua kaye ya kumi na mbili ya mama mfuaji, nikaweka juu yake ile niliyoitoa kwa kijakazi, kisha kaye ya mwisho, ya kumi na nne. Ndani kabisa, pale uzi unapopita na ambapo hutaona mpaka ufungue, mdudu alikuwa ametoboa tundu dogo zamani, vitabu vikiwa bado rafuni. Mdudu haruki karatasi. Akianza safari, anapita moja kwa moja. Niliyapanga makaye matatu sawasawa, nikasukuma sindano kwenye tundu, ikaingia juu na kutokea chini bila kugusa chochote. Nilirudia na kaye ya msagaji katikati: sindano ikagonga karatasi. Nikachukua kidole chake, nikakiweka kwenye ncha ya sindano iliyotokea chini, kwa sababu kuona asingeona.

Alikaa na kidole pale muda mrefu. Papa Bahizire alijifanya anatafuta kitu kabatini. Kisha mwalimu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtoto wao wa kwanza alikwenda Kamituga kutafuta dhahabu, ni miaka sasa. Mama yake alimfuata huko kwa miguu na kwa malori, akakaa mwezi mzima akiuliza. "Alirudi peke yake," alisema. "Miye sijue ni siku gani nilianza kufundisha mambo ya mukate. Sikujua hata kama nilibadilisha."  Niliomba tu ruhusa ya kushona.

Nilishona vitabu vitatu siku ile ile, kimoja kimoja, kila kimoja na kamba yake. Halafu nikamaliza vile vitano vilivyobaki, ingawa hakuna aliyenituma, kwa sababu sikutaka ziro nyingine itoke mkononi mwangu. Vilikuwa vizima. Nilipofunga cha kumi na nne, niliona kwamba sitaki kuacha.

Siku ya inspekta mimi sikuwepo. Nilisimuliwa na wanafunzi wenyewe, ambao mmoja wao sasa ni mkwe wangu. Ningeweza kumkaririsha mwalimu kurasa zile, angesimama na kitabu mkononi na hakuna ambaye angejua. Nilimwambia hivyo. Alikataa. Alimpa kitabu msichana wa benchi la mbele asome, darasa likasikia mama akirudi na nguo zake, kisha akamwambia inspekta kwamba wanafunzi waliandika kweli walichokuta, kwamba kosa la mshono limesharekebishwa, na kwamba yeye mwenyewe haoni maandishi tena na alikuwa anafundisha kitabu kisichokuwepo. Ziro zilifutwa siku hiyo hiyo. Inspekta, mtu mkavu, alimwacha amalize mwaka ule na darasa lake, naye mwalimu akawafikisha wanafunzi kwenye mtihani. Baada ya hapo akapumzishwa.

Jumatatu ya kwanza ya likizo kubwa alishuka mlimani na fimbo yake, akaingia karakanani, akauliza kama tuna riwaya yoyote inayojalidiwa wiki hiyo. Tulikuwa na mbili. Akaketi dirishani. Hivyo ndivyo kiti kile kilivyopata mwenyewe, na ndivyo amri yangu ilivyoanza: nilisoma kwa sauti huku nashona, yeye akasikiliza, na hakuna riwaya iliyotoka pale bila kupita masikioni mwake. Papa Bahizire, kabla ya kustaafu, alifuta sheria ya pili kwa mdomo wake mwenyewe, isipokuwa kwa mafaili ya mahakama. Hiyo bado inabaki, nawakumbusha.

Mimi nikaendelea. Kila mwaka nilijiwekea riwaya kadhaa za kale, hata zile ambazo hazikuja kujalidiwa. Niliazima kwa mapadri, kwa daktari mmoja, kwa bibi mmoja wa Nyawera aliyekuwa na sanduku zima chini ya kitanda. Daftari langu liko nyumbani: jina la kitabu, na mstari mmoja wa maoni. Mengi ni makali. Watu wa riwaya hizo hawafanyi kazi, hatujui nani anawapikia, na wakipenda wanaugua. Lakini kila moja ina mahali ambapo mwandishi anaacha kupamba na kusema jambo lilivyo, na kwa sababu ya mahali hapo nimevumilia ngazi na dansi nyingi. Msiogope vitabu vile. Vimeshonwa na watu kama sisi, na ukivibomoa utakuta uzi tu na karatasi.

Mwishoni mwalimu hakuweza tena kushuka mlima. Nilikuwa napanda kwake Jumapili baada ya misa. Mke wake alikuwa amekwishafariki, na kutoka Kamituga hakuja mtu wala barua. Siku moja aliniomba nimsomee tena kitabu cha mama mfuaji, chote. Tulikisoma Jumapili nne. Nilipofika mwisho wa 192, mama akiwa darajani, nilimtazama mzee yule aliyekuwa amefumba macho, na moyo wangu ukakataa. Nilishika kaye ya kumi na tatu nzima, nikaigeuza pamoja, nikaendelea na ukurasa wa 209, ambapo ni miaka mingi baadaye na watu wanavuna. Nilijua mshono huo unapita vizuri.

"Maman Nsimire," alisema bila kufumbua macho. "Umeruka kaye. Nimesikia karatasi mingi zimepita mara moja."

Nilisema macho yamechoka.

"Hapana. Usinifanyie vile nilifanyia batoto ya masomo. Rudia. Unisomee vile iko."

Nikarudi ukurasa wa 193. Nilisoma polepole, mlango kwa mlango, mpaka mama alipovuka daraja kurudi kijijini, na nguo zimekunjwa kapuni vile vile. Mara mbili nilifuta miwani, naye alinisubiri mara zote mbili. Nilipomaliza akasema tuendelee, bado kuna kaye moja.